Barabara ya Kusini na Sisi wa Kisiwani

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani siku ya mkutano wa mwaka, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze jambo lolote linalohusu kazi yangu, ila lisiwe refu, kwa sababu pilau imepangwa saa saba. Nitajitahidi.

Nimechagua kuzungumza juu ya barabara. Najua wako watakaoguna. Mwaka jana, tulipokuwa tukijadili michango ya chama, mwenzetu mmoja aliinuka akasema: "Sisi tumezungukwa na bahari. Barabara ya bara inatuhusu nini?" Watu walicheka, nami nikacheka nao. Usiku nilipolala nikaona nimecheka bure. Leo nataka kumjibu kwa heshima zote, maana alinitangulia madarasa mawili na aliwahi kunifagilisha bweni zima peke yangu.

Kwanza nimkumbushe kwamba kisiwa hiki chenyewe kiliwahi kubadilishwa kwa barabara. Mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipokaa kugawana pwani hii, Mafia ilikuwa iende upande wa Waingereza pamoja na Unguja na Pemba. Waandishi wa historia ya kisiwa chetu wameeleza kwamba mwishowe Wajerumani walipewa Mafia, nao wakaacha madai yao juu ya eneo la njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Stevenson alikuwa mfanyabiashara wa Uskoti aliyetoa fedha ili njia hiyo ikatwe. Barabara yenyewe haikumalizika. Basi babu zetu walitiwa katika mizani, na katika kitanga cha pili ikawekwa njia ya udongo ambayo hawakuwahi kuiona wala kuulizwa habari zake. Isingekuwa hivyo, yamkini leo tungekuwa watu wa Serikali ya Unguja. Hayo nawaachia walimu wa historia.

Barabara ninayoisemea mimi ni ile inayotoka Dar es Salaam kuelekea kusini. Wanafunzi, hebu ifuateni kichwani. Inaanzia mjini ikiitwa Barabara ya Kilwa, inapita Mbagala na Kongowe, inashuka Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti na Ikwiriri. Hapo inauvuka Mto Rufiji, inatokea Ndundu, inakwenda Somanga, halafu Nangurukuru penye njia panda ya Kilwa, inavuka Mbwemkuru, inafika Lindi, na pale Mingoyo inagawanyika. Tawi la kushoto linakwenda Mtwara. La kulia linapanda Masasi hadi Mangaka, na kutoka Mangaka ukishika kusini unafika Mtambaswala, ukingoni mwa Mto Ruvuma, ambako ng'ambo ni Msumbiji. Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita mia tano na hamsini na kitu.

Mtu akitazama ramani atauliza: kwa nini barabara ya pwani inaikimbia bahari? Jibu liko mbele ya macho yetu. Simameni gatini Kilindoni asubuhi isiyo na ukungu mtazame magharibi. Ile ni delta ya Rufiji, mikoko mitupu, msitu mkubwa kuliko yote ya namna yake katika Afrika ya Mashariki, iliyokatwakatwa na mito midogo isiyohesabika. Hakuna mhandisi aliyethubutu kupitisha njia pale. Kwa hiyo barabara inapinda kwenda ndani ikatafute mahali ambapo mto bado ni mmoja, kabla haujatawanyika. Delta hiyohiyo inayotuletea kamba na miti ya kujengea ndiyo iliyoisukuma barabara mbali nasi.

Njia hiyo ni ya kale, na mwanzo wake haupendezi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipolazimishwa kutia sahihi mkataba wa kukomesha kupeleka watumwa kwa bahari, wafanyabiashara wa Kilwa hawakuacha kazi yao. Waliigeuza tu njia. Badala ya majahazi, watumwa wakaswagwa kwa miguu kandokando ya pwani kwenda kaskazini. Ofisa mmoja wa Kiingereza, Frederic Elton, alitembea kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 1874, naye akawa anahesabu misafara aliyokutana nayo. Katika muda wa mwezi mmoja hesabu yake ilipita watu 4,000. Sisi wa ofisini tuna kazi tunayoiita hesabu ya vyombo vya moto: kijana anakaa chini ya mwembe na karatasi, anatia alama kila gari linalopita, na kwa hesabu hiyo tunaamua kama njia inastahili lami. Kila nionapo karatasi hizo za njia ya kusini nawakumbuka watu wale. Mwaka 1876 Sultani alipiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu pia.

Enzi ya Wajerumani na ya Waingereza nitazipita haraka, kwa sababu na wao waliipita kusini haraka. Wajerumani waliacha huko kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 katika milima ya Matumbi, ile unayoiona upande wa kulia ukikaribia Somanga. Waingereza, baada ya vita vya pili vya dunia, walianzisha mradi mkubwa wa karanga. Kwa ajili yake wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilishindwa, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sijui mkoa mwingine nchini uliotangulia kupata reli, ukaipoteza, halafu ukakaa miaka arobaini ukisubiri barabara.

Baada ya Uhuru kusini ikawa mstari wa mbele. FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea, na vita vya Msumbiji vilipiganwa ng'ambo ya Ruvuma kuanzia 1964 hadi 1974. Fedha kubwa za barabara za wakati ule zilikwenda njia ya Zambia, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kwa sababu tangu Rhodesia ijitangazie uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilikuwa imezibwa pumzi. Siilaumu Serikali ya wakati huo. Jirani akiungua humwulizi mkeo kama paa lenu linavuja. Lakini paa lilikuwa likivuja kweli.

Sasa niseme niliyoyaona kwa macho yangu.

Mwezi Julai 1997 nilichaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule moja mkoani Mtwara. Nilikuwa sijawahi kupita zaidi ya Dar es Salaam. Nahodha mmoja, jirani yetu, alimwambia bibi yangu kwamba kama ningesubiri msimu wa kaskazi angenitupa Kilwa kwa usiku mmoja na mchana wake. Lakini ulikuwa wakati wa kusi, upepo ulikuwa usoni, na shule haisubiri upepo. Basi nikavuka kwa mashua hadi Nyamisati, nikapanda lori la magunia hadi Bungu, nikakaa Bungu siku nzima nikiyaangalia mabasi ya kusini yakipita yamejaa. Siku ya pili nikapata kusimama. Tulipofika mtoni tukakuta foleni ya kusubiri pantoni, tukalala palepale. Ng'ambo ya mto ndipo safari ilipoanza hasa. Basi lilikuwa likizama katika mchanga, tunashuka, tunasukuma, tunapanda, tunashuka tena. Nilifika shuleni siku ya tano, na huo ulikuwa wakati wa kiangazi!

Mwisho wa mwaka ule zikaja mvua za El Niño. Waliokuwepo wanazikumbuka. Barabara ya kusini ilikatika, na sisi wa mbali tukaambiwa tubaki shuleni likizo nzima. Bibi yangu, aliyenilea na kunilipia ada kwa nazi zake, alifariki mwezi Januari 1998. Nilipata habari kwa barua, wiki tatu baada ya kuzikwa. Kutoka Mtwara hadi Mafia ndege wa angani hata hachoki. Mwaka 1915 Waingereza waliokuwa wameiteka Mafia walirusha eropleni kutoka kisiwa hiki kwenda kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika delta, wakarudi kabla chai haijapoa. Mimi, miaka zaidi ya themanini baadaye, sikuweza kufika kumtilia udongo bibi yangu.

Ndiyo maana, Ndugu Mwenyekiti, siwezi kusema barabara ile hainihusu.

Agosti 2003 Rais Benjamin Mkapa alifungua daraja la Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lililojengwa kwa fedha za mifuko ya Kuwait, Saudi Arabia na nchi za OPEC. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa Masasi, na daraja likapewa jina lake. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na nimepangiwa kazi Lindi. Nilipolipita mara ya kwanza nilitazama saa yangu: dakika moja na nusu. Abiria wengine walipiga makofi. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami hakupiga. Aliniambia, "Ngoja tufike Somanga, mwanangu."

Mzee alijua. Daraja lilikuwa limekwisha, lakini kutoka Ndundu hadi Somanga kulikuwa na kilomita 60 bila lami. Ni kipande kifupi kukisema. Kwa muda wa miaka kumi hivi baada ya daraja kufunguliwa, kipande hicho ndicho kilichoitawala kusini yote. Niwaeleze wanafunzi sababu, maana huenda mmoja wenu akawa mhandisi. Bonde la Rufiji lina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mtoto unaingia. Masika ukinywa maji unavimba, na ukikauka unanywea. Ukiweka lami juu yake bila maandalizi, lami inavunjika kama sahani juu ya godoro. Inabidi uuondoe au uufunike kwa tuta refu la kifusi kizuri, na kifusi hicho hakipatikani pale, kinaletwa kwa malori kutoka mbali, juu ya njia ileile inayozamisha malori. Halafu maji yanayoteremka kutoka Matumbi yanataka milango ya kupitia, yaani makalavati na madaraja madogo, mengi na makubwa ya kutosha. Hapo ndipo fedha zinapokwenda, na hapo ndipo mtu mwenye haraka anapopunguza.

Masika ya 2006 nililala usiku mbili katika kipande hicho, ndani ya gari la Serikali. Mbele yetu kulikuwa na basi, na ndani ya basi mama mmoja aliyekuwa akipeleka matenga ya samaki wakavu mjini. Siku ya pili alianza kuwagawia abiria wale samaki. Alisema, "Kuleni, soko lenyewe ndilo hili." Sijakutana na ripoti ya mshauri yeyote iliyoeleza hasara ya barabara mbovu vizuri kuliko mama yule.

Hatimaye lami ikakamilika. Kabla ya hapo, tarehe 12 Mei 2010, Rais Kikwete na Rais Guebuza wa Msumbiji walikuwa wamekwisha kufungua Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720. Wazo hilo lilikuwa la Mwalimu Nyerere na Samora Machel tangu 1975, mwaka Msumbiji ilipopata uhuru. Miaka thelathini na mitano kutoka wazo hadi daraja! Na hata lilipofunguliwa, pande zote mbili palikuwa na masafa ya udongo. Upande wetu lami imefika baadaye. Upande wa pili, vita vilivyozuka Cabo Delgado mwaka 2017 vilizizima biashara ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zikichipua. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama tunayo barabara kuu ya pwani kutoka mpaka wa Kenya pale Horohoro hadi mpaka wa Msumbiji, namjibu kuwa lami ipo. Barabara kuu ni lami pamoja na vitu vinavyopita juu yake, na hivyo vinataka amani pia.

Nilidhani habari ya maji imekwisha. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika. Hapa sina haja ya kuwasimulia, ninyi ndio mlioshika mapaa yenu. Mimi nilikuwa Dar es Salaam nikipiga simu Kilindoni na Kirongwe, nikisikia upepo badala ya sauti za watu. Upepo ulipotulia tukasema tumeokoka. Lakini mvua zilizokuja na kimbunga kilekile zilishuka Kilwa, na maji yakasomba matuta na makalavati katika maeneo ya Somanga. Barabara ya kusini ikakatika kwa siku kadhaa. Malori yakajipanga pande zote mbili. Aliyekuwa na lazima ya kufika Mtwara ilimbidi azunguke kwa Iringa, Songea na Tunduru, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa kawaida. Kimbunga kilikuwa kimeanzia kwetu, na bara kikamalizia kazi. Bado tu hainihusu?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo nililosafiri nalo.

Fedha za kutengeneza barabara zetu hutoka zaidi katika tozo ya mafuta. Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa ina kiasi ndani yake kinachokwenda Mfuko wa Barabara, na kutoka hapo zinagawiwa TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA, ya mwaka 2017, kwa barabara za mijini na vijijini. Tozo hiyo haiulizi petroli inakwenda kuendesha nini. Mvuvi wa Jibondo anayejaza tangi la mashine ya boti analipa. Wa Bweni analipa. Boti inayotuvusha Nyamisati inalipa kwenda na kurudi. Tumezungukwa na bahari, ni kweli, na kwa kila safari ya bahari tumekuwa tukichangia lami ya bara. Kaka yangu aliyesema barabara haituhusu ana boti mbili. Namwomba akapige hesabu yake mwenyewe nyumbani, asiisome hapa.

Tumechangia, na tuna haki ya kuuliza. Swali letu si la Mtwara wala la Ruvuma. Njia yetu ya kwenda barabara kuu ni bahari ya Kilindoni hadi Nyamisati, halafu kipande cha Nyamisati hadi Bungu. Tulipata kivuko cha MV Kilindoni, tunashukuru. Lakini kivuko kinakushusha Nyamisati, hakikufikishi Bungu. Miaka yote niliyokipita mimi kipande hicho, kilikuwa na tabia ya Ndundu na Somanga ya zamani: kiangazi vumbi, masika utelezi. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili anavuka bahari salama, kisha anahesabu mashimo.

Nimekaa ofisini zaidi ya miaka ishirini. Naomba niwaambie siri isiyo siri. Barua za malalamiko huwa nyingi, na nyingi zimeandikwa kwa uchungu wa kweli: "wananchi wanateseka," "hali ni mbaya sana." Tunazisoma, tunazihurumia, tunaziweka katika faili. Barua inayomfanya ofisa ainuke kitini ni ile inayosema: katika siku 90 za masika, magari yalishindwa kupita siku kadhaa, tarehe hizi, mgonjwa alicheleweshwa saa hizi, nauli ilipanda kutoka hapa hadi pale. Nina hakika nazo siku hizo tunazo, lakini hakuna aliyeziandika. Tunazibeba vichwani mpaka tunakufa nazo.

Kwa hiyo sikuja kuomba mchango wa fedha. Naomba wanafunzi wa jiografia wa shule hii, kwa kusaidiana na mwalimu wao, wafungue daftari. Kila siku mmoja aende gatini, awaulize abiria wanaoshuka kutoka Nyamisati: mmetoka Bungu saa ngapi, mmefika Nyamisati saa ngapi, mmelipa nauli kiasi gani, mmesukuma gari au hamkusukuma. Basi. Aandike hata siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri, tena hiyo isisahauliwe, maana daftari lenye siku mbaya tupu hakuna atakayeliamini. Baada ya masika mbili sisi wa chama tutalipeleka linakohusika, na nitalibeba mimi mwenyewe.

Daftari nimelinunua, la kurasa mia mbili, lenye jalada gumu kwa sababu ya chumvi. Liko juu ya meza ya Mwalimu Mkuu pamoja na kalamu nne. Ukurasa wa kwanza nimejaza safari yangu ya jana: nimetoka Bungu saa mbili na robo asubuhi. Mengine mtayasoma wenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wamesimama mlangoni wananitazama.